Vinasaba vya mzabibu na hamira: Jinsi sayansi inavyofichua ukoo wa mvinyo

Kwa mkulima wa mizabibu, jina la mche ni ahadi. Anaponunua vipandikizi hana namna ya kuiona kwa macho zabibu itakayozaliwa. Analolitegemea ni jina aliloandikiwa kwenye karatasi. Itapita takriban miaka mitatu kabla shamba halijaanza kutoa mavuno ya maana, na baada ya hapo linaweza kuzaa kwa miongo kadhaa. Jina likiwa si la kweli, hasara hugunduliwa wakati mti umekwishashika mizizi.

Hilo liliwafika wakulima wa Australia. Walikuwa wamepanda mizabibu iliyoaminika kuwa Albariño, zabibu nyeupe yenye sifa kutoka kaskazini magharibi mwa Uhispania. Mwaka 2008 mtaalamu Mfaransa wa utambuzi wa mizabibu, Jean-Michel Boursiquot, alionyesha shaka juu yake. Mwaka 2009 vipimo vya vinasaba vikathibitisha kwamba mizabibu hiyo ilikuwa Savagnin, aina ya kale inayojulikana zaidi mashariki mwa Ufaransa. Mvinyo wake haukuwa mbaya, lakini jina lililobandikwa kwenye chupa halikuwa lake, na wazalishaji walilazimika kuutafutia soko upya.

Kilichotoa hukumu katika kisa hicho ni alama za vinasaba. Tangu miaka ya 1990 alama hizo zimebadili kwa kina elimu ya mizabibu, na pia elimu ya hamira zinazogeuza maji ya zabibu kuwa mvinyo. Zimefichua wazazi wa aina mashuhuri, zimeokoa aina zilizokaribia kutoweka, na zimetoa onyo: nyuma ya wingi wa majina kuna undugu wa karibu kuliko ilivyodhaniwa.

Alama za vinasaba ni nini?

Kila seli ya mzabibu hubeba kromosomu 38, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Seti moja ya kromosomu hizo, yaani 19, ina takriban herufi milioni 500 za kikemikali zinazounda DNA. Watafiti wa Ufaransa na Italia walitangaza usomaji wa jenomu hiyo mwaka 2007, kwa kutumia mzabibu wa ukoo wa Pinot.

Ili kuutambua mzabibu mmoja si lazima kusoma herufi zote hizo. Hutosha kuchunguza mahali pachache ambapo mizabibu hutofautiana sana. Sehemu zilizotumika zaidi huitwa mikrosatelaiti. Ni vipande ambamo herufi mbili au tatu hujirudia mfululizo, mithili ya mtu anayerudia silabi moja. Mzabibu mmoja unaweza kuwa na marudio 12 mahali fulani, mwingine ukawa na 19. Kwa kuwa kila mahali pana nakala ya mama na nakala ya baba, kila alama hutoa namba mbili.

Kazi yenyewe huanzia kwenye jani changa. DNA hutolewa katika jani hilo, sehemu inayotakiwa hunakiliwa mara nyingi kwa kipimo cha PCR, kisha urefu wa vipande hupimwa. Mwaka 1993 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mikrosatelaiti zinaweza kutumika kuitambua mizabibu. Baadaye maabara za Ulaya zilikubaliana juu ya alama sita za pamoja, kisha tisa, ili matokeo ya nchi moja yalinganishwe na ya nchi nyingine. Orodha ya kimataifa ya aina za mizabibu, inayotunzwa katika taasisi ya Geilweilerhof nchini Ujerumani, huhifadhi namba hizo pamoja na majina.

Namba hizo huonyesha pia uzazi. Katika kila alama, mtoto lazima awe amechukua namba moja kwa mama na moja kwa baba. Alama moja ikilingana huenda ni bahati tu, lakini zikilingana alama thelathini bila hitilafu, nafasi ya bahati huwa ndogo mno.

Kabla ya hapo wataalamu walitegemea umbo la jani, manyoya ya chipukizi na rangi ya tunda. Elimu hiyo bado ina thamani, kwani shaka ya Boursiquot ilitokana na macho yake. Mwaka 1994, akiwa nchini Chile, mtaalamu huyo alitambua kuwa sehemu ya mizabibu iliyoitwa Merlot ilikuwa kweli Carmenère, aina ya Bordeaux iliyokuwa imekaribia kutoweka kwao Ufaransa. Vinasaba vilithibitisha baadaye yale aliyoyaona.

Zabibu yenye majina matatu

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Zinfandel, zabibu nyekundu ambayo Wakalifornia waliihesabu kuwa yao. Kwa kuwa mizabibu ya mvinyo ya jamii ya Vitis vinifera haikuwa na asili ya Marekani, ilijulikana kwamba mche huo lazima uliletwa kutoka mahali fulani. Mwaka 1967 mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Austin Goheen, aliona kusini mwa Italia mizabibu iitwayo Primitivo iliyofanana nayo. Katika miaka ya 1990 vipimo vya DNA vilivyofanywa na Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, vilionyesha kuwa Zinfandel na Primitivo ni aina moja.

Hata hivyo, Italia nayo haikuwa chimbuko. Macho yaligeukia pwani ya Dalmatia nchini Kroatia, ng'ambo ya Bahari ya Adriatiki. Wengi waliamini kuwa Plavac Mali, zabibu kuu ya pwani hiyo, ndiyo Zinfandel. Meredith alishirikiana na Ivan Pejić na Edi Maletić wa Chuo Kikuu cha Zagreb kukusanya majani shamba kwa shamba. Jibu la vinasaba lilikuwa la kushangaza: Plavac Mali si Zinfandel, bali ni mtoto wake, na mzazi wa pili ni aina ya kienyeji iitwayo Dobričić.

Mtoto akipatikana, mzazi hawezi kuwa mbali. Mwaka 2001, katika shamba la zamani lililochanganya aina nyingi huko Kaštel Novi karibu na Split, ulipatikana mzabibu ambao alama zake zililingana na Zinfandel. Wenyeji waliuita Crljenak Kaštelanski, na ilikuwa imebaki miti michache tu. Baadaye jani lililokaushwa na kuhifadhiwa kwa miongo mingi katika mkusanyo wa mimea lilionyesha kuwa aina hiyo ndiyo Tribidrag, jina linaloonekana katika maandishi ya Dalmatia tangu karne ya 15. Zabibu iliyokuwa ikipandwa katika maelfu ya hekta Marekani na Italia ilikuwa karibu kutoweka nyumbani kwake bila mtu kujua. Ilipotambuliwa, ilianza kupandwa tena.

Mabwana na wakulima

Mwaka 1997 John Bowers na Carole Meredith walichapisha matokeo mengine yaliyozua gumzo. Cabernet Sauvignon, pengine zabibu nyekundu mashuhuri kuliko zote, ni mtoto wa Cabernet Franc, ambayo ni nyekundu, na Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe. Jina lake lilikuwa likiutaja ukoo huo siku zote, lakini hakuna aliyekuwa na uthibitisho. Wala hapakuwa na dalili kuwa mtu aliwaunganisha wazazi hao kwa makusudi; yaelekea chavua ilipeperushwa kutoka mti hadi mti, mbegu ikaota, na mkulima mmoja akaona vyema kuutunza mche huo.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Chardonnay. Uchunguzi wa aina za kaskazini mashariki mwa Ufaransa ulionyesha kwamba aina 16, zikiwemo Chardonnay, Gamay na Aligoté, ni watoto wa wazazi wawili walewale: Pinot na Gouais Blanc. Pinot ilikuwa zabibu ya heshima, fahari ya Burgundy. Gouais ilikuwa zabibu ya wakulima wadogo, yenye mazao mengi na mvinyo usiosifiwa, na ilidharauliwa kwa karne nyingi. Uchunguzi wa DNA ya kloroplasti, ambayo katika mizabibu hurithiwa kwa mama, ulibainisha pia kuwa mama wa Chardonnay ni Gouais.

Matokeo hayo yana somo. Lau wakulima wangeng'oa kila mzabibu uliodharauliwa, baadhi ya mvinyo ghali kuliko zote duniani usingalikuwepo. Aina isiyo na soko leo inaweza kubeba kile kitakachohitajika kesho, na hakuna awezaye kujua hilo kwa kuionja tu.

Undugu ulio karibu mno

Wingi wa majina huficha uchache wa koo. Mwaka 2011 Sean Myles na wenzake walichapisha uchunguzi wa mkusanyo wa mizabibu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, wakitumia maelfu ya alama za herufi moja moja. Takriban robo tatu ya aina walizochunguza zilikuwa na uhusiano wa karibu kabisa na angalau aina nyingine moja, kama wa mzazi na mtoto au wa ndugu wa tumbo moja.

Sababu ni namna mzabibu unavyozalishwa. Mkulima hapandi mbegu, kwa kuwa mbegu ya zabibu haitoi mti unaofanana na mzazi wake. Hukata kipande cha tawi na kukiotesha, na mti unaochipuka huwa nakala ya ule wa kwanza. Mwaka 2019 watafiti waliosoma DNA ya mbegu za kale zilizofukuliwa Ufaransa waligundua kuwa mbegu moja kutoka Orléans, yenye umri wa miaka 900 hivi, ililingana kabisa na Savagnin ya leo. Kwa karne tisa mzabibu huo umekuwa ukikatwa na kupandwa bila kubadilishwa na uzazi wa mbegu.

Uthabiti huo humfaa mnywaji, lakini una gharama yake. Mzabibu husimama palepale huku maadui zake wakiendelea kubadilika. Katika miaka ya 1860 mdudu filoksera, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, aliingia Ufaransa na kuangamiza mashamba kwa kuishambulia mizizi. Wokovu ulipatikana kwa kuubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya mizizi ya mizabibu ya Kimarekani iliyokwishazoea kuishi na mdudu huyo. Magonjwa ya ukungu, yaliyoingia pia kutoka Amerika katika karne hiyo, yangali yanawalazimu wakulima kupuliza dawa mara nyingi kila msimu.

Hapa alama za vinasaba huvuka utambuzi na kuingia katika uzalishaji wa aina mpya. Jamaa wa porini wa mzabibu, hasa wa Amerika na Asia, wana jeni za kuhimili ukungu. Mtafiti akichanganya mzabibu wa mvinyo na wa porini, hupata maelfu ya miche, na zamani alilazimika kuingoja ikue ndipo aone ipi inaugua. Siku hizi hupima jani la mche mchanga na kuubakiza ule uliorithi jeni zinazotakiwa. Mwaka 2018 Ufaransa iliandikisha aina nne zilizopatikana kwa njia hiyo: Artaban, Vidoc, Floreal na Voltis. Kila moja imeunganisha jeni kadhaa za kinga, ili ukungu ukishinda moja, nyingine ibaki.

Alama hizo zimesaidia pia kufuatilia chimbuko. Mwaka 2023 kundi la kimataifa lilichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa jenomu za mizabibu 3,525, ya mashambani na ya porini. Kwa mujibu wake, mzabibu ulianza kulimwa miaka 11,000 hivi iliyopita katika maeneo mawili, Asia ya Magharibi na Kaukasi. Mabaki ya kale ya mvinyo yaliyochunguzwa kwenye vyungu nchini Georgia yana umri wa takriban miaka 8,000.

Hamira, mfanyakazi asiyeonekana

Zabibu peke yake haifanyi mvinyo. Sukari yake hugeuzwa kuwa kileo na hamira, kiumbe cha seli moja kiitwacho kitaalamu Saccharomyces cerevisiae. Ni jamii ileile inayoumua mikate na maandazi. Mwaka 1996 ilikuwa ya kwanza miongoni mwa viumbe wenye kiini cha seli kusomwa jenomu nzima: kromosomu 16, herufi milioni 12 na jeni takriban 6,000.

Chini ya hadubini hamira hizo hufanana. Moja inaweza kumaliza sukari yote, nyingine ikakwama katikati. Moja ikatoa harufu ya matunda, nyingine harufu ya yai bovu. Tofauti hizo zimo katika vinasaba, na alama zilezile za mikrosatelaiti, pamoja na alama nyingine ziitwazo delta, huwezesha kila ukoo kutambuliwa.

Mwaka 2007 Jean-Luc Legras na wenzake walichapisha uchunguzi wa hamira 651 kutoka maeneo 56, wakitumia mikrosatelaiti 12. Hamira za mvinyo zilijikusanya pamoja, na za mkate, bia na sake zikajitenga kwa kiasi kikubwa katika makundi yake. Watafiti walihitimisha kwamba hamira za mvinyo zimesafiri na binadamu, zikifuata njia za mizabibu. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa jamaa zao wa porini walio karibu zaidi huishi kwenye miti ya mwaloni katika nchi za Mediterania.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jenomu za hamira 1,011 kutoka kila pembe ya dunia. Hamira zenye utofauti mkubwa zaidi zilitoka China na maeneo jirani, jambo linaloashiria kuwa ndiko asili ya jamii hiyo. Ndani ya mti huo wa ukoo yalionekana makundi ya Kiafrika yanayojitegemea, likiwemo la tembo la mnazi na michikichi na lile la bia za kienyeji. Kwa maneno mengine, anayegema na anayetengeneza pombe kwa nafaka barani Afrika hutunza, pengine bila kujua, koo za hamira zisizopatikana katika pipa la Bordeaux.

Je, hamira hufikaje kwenye zabibu? Juu ya tunda zima ni adimu. Robert Mortimer na Mario Polsinelli walikadiria mwaka 1999 kuwa ni takriban tunda moja tu kati ya elfu lililokuwa nayo. Kwenye tunda lililopasuka hupatikana mara nyingi zaidi. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2012 kuwa nyigu huzibeba hamira tumboni, huzihifadhi wakati wa baridi na kuwarithisha watoto wao.

Leo viwanda vingi hutumia hamira kavu zilizochaguliwa, kwa kuwa kazi yake hutabirika. Hofu ni kwamba zitazifunika hamira za kienyeji. Uchunguzi uliofanywa Ureno na Ufaransa kwa kutumia alama za vinasaba ulionyesha kuwa hamira za viwandani zilizoonekana mashambani zilikuwa kwa sehemu kubwa ndani ya mita 200 kutoka kiwandani. Nchini New Zealand, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa hamira za mikoa tofauti, zikipewa maji yaleyale ya zabibu, hutoa mvinyo wenye kemikali tofauti. Kwa hiyo ladha ya mahali hutokana pia na viumbe hao wadogo, mbali na udongo na jua.

Mipaka ya kipimo

Alama za vinasaba hazijibu kila swali. Pinot Noir, Pinot Gris na Pinot Blanc zina rangi tofauti, lakini katika mikrosatelaiti huonekana kuwa aina moja, kwa sababu zilitokana na mabadiliko madogo kwenye nakala za mti mmoja. Ili kutofautisha nakala za namna hiyo, usomaji wa jenomu nzima huhitajika. Aidha, alama hueleza mti ni nani, lakini hazielezi umetunzwaje, umepata mvua kiasi gani au una virusi. Na kipimo hakina faida pasipo mkusanyo wa kulinganishia: jani lisilolingana na lolote lililo kwenye orodha hubaki bila jina.

Kutoka migombani hadi Dodoma

Kwa nchi za Maziwa Makuu, mfano wa karibu zaidi ni mgomba, nao huzalishwa kwa kuhamisha machipukizi. Ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki zina majina mengi mno Uganda, Rwanda, Burundi na magharibi mwa Tanzania, nyingine za kupikwa, nyingine za pombe. Uchunguzi wa mikrosatelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, licha ya majina na maumbo hayo, migomba hiyo inafanana mno kivinasaba, kana kwamba yote ilitokana na mgomba mmoja wa kale. Ugonjwa unaoushinda mmoja unaweza kuishinda mingi. Wakulima walioona mnyauko ukipita shamba hadi shamba wanaelewa uzito wa jambo hilo.

Tanzania ina mizabibu pia. Huko Dodoma, ambako zao hilo lililetwa na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, hali ya hewa huruhusu mavuno mawili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Ulaya. Wakulima hupanda Chenin Blanc, Syrah na aina nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la eneo lilipo pia kituo cha utafiti wa zao hilo. Katika mazingira hayo, ambamo vipandikizi hutoka shamba moja kwenda jingine, kipimo cha alama chache kinaweza kumhakikishia mkulima kwamba anachokipanda ndicho alichokilipia, na kumwonyesha mtafiti ni miti ipi yenye kitu cha pekee kabla haijang'olewa.

Miti michache ya Kaštel Novi ilibaki kwa sababu mwenye shamba hakuing'oa. Kipimo kilikuja baadaye na kueleza thamani yake. Kama miti hiyo isingekuwepo, kisingekuwa na cha kupima.